Upande Walioutazama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Endabash, mtu akilala mkono na mguu, yaani akipooza, hakuna aliyeuliza kichwa chake kina nini. Waliuliza maji yako upande gani. Tulifundishwa kwamba katika kila chemchemi wanakaa netlaame, pepo wa maji, na kwamba wakimchapa mtu humchapa upande mmoja tu, ule ulioelekea kwao. Kwa hiyo mdomo ukienda kombo na mkono ukining'inia, wazee walitazama ule upande uliolala unaelekea wapi, na ni nani anayekaa huko.

Kwetu, ukisimama mlangoni ukatazama bonde, upande wa kuume kulikuwa na ua wa minyaa. Ng'ambo ya ua ilikuwa nyumba ya Mama Bura, na chini ya nyumba yake ilikuwa chemchemi. Ua, nyumba na maji. Hayo matatu yalitosha kumhukumu mtu.

Mwaka ule Mama Bura alikuwa amefiwa na mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Wairaqw tuna desturi iitwayo metimani. Mama aliyepotewa na mtoto anyonyaye hutengwa, mwili wake na vyombo vyake vikihesabiwa kuwa vimebeba kifo. Haingii kwa watu, watu hawaingii kwake, hapewi moto wala haombi moto, na maji huchota chini kabisa, baada ya wengine wote. Sisi watoto tukipita mbele ya nyumba yake tulibana pumzi. Mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa kule Oldeani, akija mara chache. Mama Bura alibaki na Bura, mwanawe wa kwanza, na huzuni yake, na ua.

Leo nami nina mtoto anyonyaye, na nikifikiria desturi ile namvuta karibu. Lakini wakati ule sikuona ajabu. Niliona tu kwamba Mama yangu, kila akichuma mboga, alikuwa anafunga fungu moja zaidi kwa jani la mgomba na kulichomeka kwenye minyaa. Alitumia jani, si bakuli, kwa sababu jani halirudishwi. Asubuhi fungu lilikuwa halipo. Hakulisema, nasi hatukumwuliza.

Nyumba yetu ilikuwa tembe ya zamani, ya paa la udongo. Masika yale mvua ilinyesha hadi paa likawa zito kama ng'ombe aliyelala. Siku moja Baba alikwenda Karatu na punda kusagisha mahindi, Ama akaenda msibani, mimi nikawa shuleni. Ama ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Niliporudi nilimkuta Mama ameketi karibu na mafiga, kanga yake ameivuta hadi kwenye nyusi, na chini ya kanga kimechungulia kitambaa cha buluu.

"Mama, umeumia?"

"Nimejikwaruza. Nenda kalete kuni kabla mvua haijarudi."

Boriti moja ya paa ilikuwa imeshuka. Baba alipoiulizia, Mama alisema imeanguka yenyewe, nyumba ikiwa tupu. Baba akashukuru Mungu, akaikata kuni, akaweka nyingine.

Yaliyotokea kweli niliyajua baadaye. Mama alikuwa ndani akijaribu kuweka mhimili chini ya boriti ile, nayo ikamwangukia kichwani, juu ya sikio la kushoto, ikamlaza sakafuni na udongo wa paa juu yake. Mama Bura alisikia kishindo. Aliita mara ya kwanza, aliita mara ya pili, hakuna aliyeitika. Basi akapenya kwenye minyaa, akaingia katika nyumba ya watu akiwa kwenye metimani, akamwinulia boriti, akamwosha damu, na kwa kuwa hakuwa na kingine, akachana mbeleko aliyombebea marehemu mwanawe na kumfunga nayo kichwa. Kisha wale wanawake wawili wakapatana wasiseme. Wangesema nini? Aliyeingia amevunja mwiko, na aliyepokea amevunja mwiko. Ama angeuliza, "Nani alikutoa? Nani alikufunga?" Mama alimficha mwenzake. Alipomficha mwenzake, akalificha na jeraha.

Kidonda kilipona upesi. Nywele zilikifunika. Tulikwisha kusahau hata kitambaa.

Baada ya majuma kadhaa Mama alianza kushika kichwa. Akawa anakoroga ugali kwa mkono wa kushoto, na sisi tukamcheka.

"Mama amekuwa shoto! Mama amekuwa shoto!"

"Mkono umechoka kuwalisha walafi," alijibu, naye akacheka. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu hakikurudi.

Kisha maneno yakaanza kumpotea. Alitaka kuniita akasema "kibuyu." Alitaka chumvi akasema "nanihii, ile, ile," akionyesha kwa kidole. Asubuhi moja aliamka mdomo umevutwa kushoto, shavu la kuume limelegea, mkono wa kuume hauinuki, na mguu unaburuta sakafu kama kamba. Alinitazama akataka kusema neno. Ilitoka sauti tu.

Ama alipiga ukelele mmoja. Kisha alitoka nje, akasimama mlangoni, akatazama kuume.

Aliitwa mzee wa dawa kutoka bonde la pili. Tulimwita Ako, yaani babu, kama tulivyowaita wazee wote. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa njugu kutoka mfukoni na aliingia kwa Mama akitembea taratibu, kama mtu aingiaye kanisani. Alimlaza kizingitini, kichwa ndani, miguu nje, akaunyoosha ule mkono uliokufa kando ya mwili na kuuachia. Mkono ukaanguka, vidole vikaelekea minyaa.

"Umesema wenyewe," akasema Ako.

Waliingia kutafuta kitu ndani ya nyumba, na katika ufa wa ukuta nyuma ya kitanda Ama alikivuta kile kitambaa cha buluu, kimekunjwa vizuri, kina doa jeusi. Mama alikuwa amekifua, doa likagoma, akashindwa kukitupa. Ama alikigeuza. Akakijua. Wilaya nzima usingepata mbeleko nyingine yenye madoa meupe yaliyofifia vile, maana tulikuwa tumeiona mgongoni mwa Mama Bura, na mtoto ndani yake, hadi siku mtoto alipokufa.

"Nguo ya maiti," alisema Ama, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nguo ya maiti nyuma ya kitanda cha mwanangu."

Naandika haya na bado sijui jinsi ya kumchukia Ama. Alikuwa akimpenda Mama kuliko alivyompenda Baba. Usiku alilala sakafuni kando ya kitanda chake, akiushika ule mguu wa baridi kati ya mapaja yake ili upate joto. Lakini alikwisha kujua kila kitu, na mtu akishajua kila kitu huwezi kumwambia jambo.

Kwa hiyo walimtibu Mama upande wa kuume. Alichanjwa chale begani, kiwikoni, gotini, kifundoni. Kondoo akachinjwa, mafuta yakapakwa kuanzia shavu la kuume hadi unyayo, na majivu juu ya mafuta. Upande wa kushoto wa mwili wake ulibaki msafi kabisa, kama ukuta wa nyumba ambao mvua haiupigi. Hakuna aliyeugusa. Haukuwa na ugonjwa.

Siku ya pili ya dawa Mama Bura alikuja hadi kwenye minyaa. Hakuvuka. Alisimama ng'ambo na kuita.

"Baba Martina! Baba Martina, nisikilize! Mtazameni kichwa! Kushoto, juu ya sikio! Boriti ilimwangukia, mimi nilimwona!"

Martina ndiye mimi. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, akasimama.

"Usimjibu," alisema Ama kutoka mlangoni. "Anatafuta njia ya kuingia."

"Mkwe wako ameumia kichwa, mama! Mkono ni mzima, kilichoumia ni kichwa!"

"Mkono ni mzima? Njoo basi uuinue, ewe tabibu!" Wanawake waliokuja kutusaidia walicheka kwa woga. "Mkono umekufa mbele ya macho ya watu, yeye anatuambia tutazame kichwa! Kesho atatuambia tutazame mkia wa kondoo."

"Nilimfunga mwenyewe! Mbeleko ile..."

Ama hakungoja amalize. Alichukua debe la maji, akalipindua, akaligonga kwa mwiko, ga ga ga, ili yale maneno yasiingie katika nyumba yetu. Wanawake wengine wakachukua masufuria. Mama Bura aliendelea kusema, niliona mdomo wake ukienda na mkono wake ukigusa kichwa chake mwenyewe, juu ya sikio la kushoto, tena na tena. Kisha aliuteremsha mkono, akarudi kwake.

Baba hakugonga kitu. Alitazama juu, kwenye boriti mpya.

Mama alianza kulala mchana. Ukimwamsha anafungua macho, anakutazama kama anayekukumbuka kwa mbali, analala tena. Alitapika uji. Asubuhi alipotapika hadi maji, Baba alimwambia Ama, "Nampeleka Karatu," na Ama akasema, "Ukimtoa katikati ya dawa atakufa njiani, na kifo chake kitakuwa chako." Baba akaenda kumwita katekista.

Wengi waliogopa kugusa kitanda chetu. Katekista na wanawe wawili hawakuogopa, au waliogopa wakaja. Walitengeneza machela kwa miti na gunia, wakambeba Mama hadi barabara kubwa, wakipokezana bega, na mdogo wao alipoteleza matopeni alipiga magoti badala ya kuachia, gunia likabaki sawa kama meza. Nilitumwa niende nao kwa sababu Mama alihitaji wa kumwosha, na kazi hiyo si ya mwanamume.

Katika zahanati ya Karatu tabibu alimtazama macho yake kwa tochi, akamwambia Baba asichelewe hata kidogo. Alitoka yeye mwenyewe barabarani, na koti lake jeupe, akasimamisha lori lililokuwa linapandisha unga Ngorongoro, kuelekea upande ule wenye hospitali ya misheni, ambako kulikuwa na daktari wa kupasua.

"Mimi ni wa unga," alisema dereva.

"Leo wewe ni wa unga na mama huyu."

Dereva alishuka, akamwona Mama, akavua kofia. "Mtoeni utingo huko mbele," alisema. "Utingo, panda juu ya magunia, ukaone nchi yako." Akaendesha polepole kuliko lori lolote nililowahi kuona, na kila kwenye shimo alisema, "Samahani, mama," ingawa Mama hakusikia. Tulipopanda msitu, ukungu ulifunga, kreta ikawa hapo pembeni na hatukuiona. Sijui jina la dereva yule. Huwa namwombea kama dereva wa unga.

Daktari alikuwa kijana Mtanzania, mrefu, mwenye kusema polepole kwa kuwa wagonjwa wake wengi walikuwa Wamasai na Kiswahili kwao ni cha kuazima, kama kilivyo kwetu. Nilisimama mguuni pa kitanda. Nilitegemea atauliza maji yako upande gani.

Hakuuliza chochote kwanza. Alimwamsha Mama kwa kumsugua kifua, akamwonyesha meno yake mwenyewe ili naye aonyeshe. Mdomo ukaenda kushoto peke yake. Akamwinua mikono yote miwili, akaachia. Wa kushoto ulisita hewani, wa kuume ukaanguka kama jiwe. Akammulika jicho la kuume, kiini kikajifinya. Akammulika la kushoto, kiini kikabaki kipana, cheusi, kama kisima. Hapo akarudia. Kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuupitisha chini ya nyayo za Mama, kutoka kisigino hadi vidoleni. Mguu wa kushoto vidole vilijikunja, kama mtu anayetekenywa. Mguu wa kuume dole gumba liliinuka juu, polepole, lenyewe.

Baba aliona lile dole likiinuka, akapata matumaini. "Linacheza, daktari! Mguu unapona!"

"Hapana, mzee," alisema daktari kwa upole. "Hilo linaniambia njia imekatika." Akamgeukia muuguzi. "Leteni wembe. Tunyoe kushoto."

Baba alishika ukingo wa kitanda. "Daktari, samahani. Upande uliokufa ni huu."

"Ndiyo maana ninanyoa ule."

Baba alitutazama mmoja mmoja kana kwamba mmoja wetu angemsahihisha daktari. Daktari aliona uso wake. Katika hali ile ya haraka, alikubali kupoteza muda kidogo kwa ajili ya mtu asiyeelewa, na huo nao nauhesabu katika wema. Aliinama, akashika kamba za kitanda chenyewe, maana vitanda vya wodi ile vilikuwa vya kamba.

"Tazama. Kamba hii imefungwa huku, kushoto. Lakini inakwenda wapi? Inavuka, inabeba kule, kuume. Nikiikata huku, kinacholegea ni kule. Kichwa nacho kimesukwa hivyo. Mkono wake wa kuume na mguu wake wa kuume vimefungwa kushoto ya kichwa. Na maneno pia yanakaa huko, ndiyo maana yamempotea. Kuna kitu kinabana hapa." Aliweka kidole juu ya sikio la kushoto la Mama. "Je, alipigwa? Alianguka? Hata siku nyingi zilizopita?"

"Hapana," alisema Baba. "Hakuna kitu."

Wembe ulipita. Nywele zilianguka, na chini yake likatokea kovu, jembamba, limepinda kama mwezi mchanga.

Baba alikaa chini. Sakafuni, pale pale.

"Jirani alisema," alisema. "Alisema boriti. Alisema kushoto, juu ya sikio. Tukagonga debe asisikike."

Walimtoboa fuvu siku ile ile. Niliketi nje na Baba kwenye benchi, na mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa anamuuguza mumewe alinitazama, akainuka, akaniletea maziwa katika kibuyu chake. "Yeyo?" aliuliza, akielekeza mlango, na nikaelewa kwamba ni neno lao la mama. Nikaitika. Aliketi kando yangu hadi mlango ulipofunguliwa. Muuguzi alisema damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na nyepesi, kama oili chakavu ya gari. Daktari alimwambia Baba, bila ukali, kwamba damu ile ilikuwa ikikusanyika kidogo kidogo tangu masika, na kama Mama angefika wakati mkono ulipoanza kuchoka, wakati tulipokuwa tunamwita shoto, angerudi nyumbani akiimba. Sasa angeishi. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Mama aliishi. Mguu ulirudi nusu, akatembea kwa fimbo. Mkono wa kuume ulibaki umejikunja kifuani kama ndege mwenye baridi. Maneno yalirudi machache sana, "ndiyo" na "twende" na jina langu, na mara nyingi "ndiyo" ilitoka alipotaka kusema hapana.

Sehemu hii iliyobaki ndiyo chungu zaidi kwangu.

Tuliporudi, niliamini yamekwisha. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, lile dole, zile kamba, lile kovu. Niliwaza Baba atapenya kwenye minyaa siku ile ile na kumshika Mama Bura mkono. Badala yake wazee waliitisha kikao, na watu wakakaa kwenye nyasi mteremkoni, wanaume juu, wanawake chini, Mama Bura peke yake kando, mwanawe Bura amesimama nyuma yake.

Habari za hospitali zilikuwa zimetutangulia. Watu walijua daktari amekuta jeraha kushoto, juu ya sikio. Ama ndiye aliyesimama.

"Sisi tulikaa na mgonjwa mchana na usiku," alisema. "Tulimwosha, tulimgeuza, hatukuliona hilo jeraha. Mumewe hakulijua. Mtoto wake hakulijua. Huyu aliyekuwa ng'ambo ya ua alilijua. Alituambia na mahali pake, kama mtu anayeeleza alipoacha kisu chake. Namwuliza mbele yenu. Alijuaje?"

Watu waliguna. Nilisikia mzee mmoja akisema, "Neno hilo."

"Nilijua kwa sababu nilimfunga," alisema Mama Bura.

"Kwa mikono ipi?"

Mama Bura aliitazama mikono yake. "Hii."

"Katika metimani?"

"Katika metimani. Alikuwa chini ya boriti, mama. Ningemwacha?"

"Na kwa nguo ipi?"

Ako, mzee wa dawa, alikohoa na kusema kwa haki kabisa, kama alivyoona haki, kwamba yeye alitaja upande wa kuume, na huyu anakaa kuume, na daktari hakukana kwamba upande wa kuume umekufa. Boriti yaweza kuangusha mtu. Lakini ni nani aliyeiangusha boriti?

Macho yote yaligeuka kwa Baba. Yeye alikuwa amesikia kila neno la daktari. Yeye alikaa sakafuni mbele ya kovu lile. Ilikuwa ni kusimama tu na kusema, mwanamke huyu alimtoa mke wangu chini ya paa, na sisi tukagonga debe asisikike. Alikuwa ameng'oa jani la nyasi, akilichana katikati, nusu zile akazichana tena. Mbele yake walikaa baba zake wadogo, na watu ambao angewahitaji kuvuna. Alichana jani hadi likaisha.

Mama aliinuka. Hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyetegemea. Alifungua kinywa, na nilijua anatafuta, kwa sababu niliyaona macho yake yakizunguka kama mtu anayepapasa rafuni gizani. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Ndiyo." Akaona nyuso za watu, akajua neno limemsaliti. Basi aliacha kusema. Alichukua fimbo yake, akashuka mteremko akiburuta mguu, akavuka ile nafasi tupu, akaketi kwenye nyasi kando ya Mama Bura, bega kwa bega, akauweka mkono wake mzima juu ya mikono ile.

Watu walisogea nyuma. Sikuona upole katika kusogea kule. Waliwaepuka wote wawili.

Nyumba yetu ikawa metimani nayo, kwa msimu mzima. Mama Bura hakungoja. Mumewe alikuja na mkokoteni, wakapakia vyombo, wakahamia kwenye nyumba za vibarua wa kahawa. Nyumba yake ilibomoka taratibu. Maji ya chemchemi tuliendelea kuyachota.

Baba hakulizungumza jambo hili kamwe. Alimtunza Mama vizuri, alimkatia nyama, alimfunga viatu. Nilipoolewa nikamwuliza Ama, naye amekwisha kuzeeka, kama bado anaamini. Alisema, "Mjukuu wangu, mkono ule nauona kila siku. Lile jeraha lenu la kichwani sijawahi kuliona." Na kweli, nywele zilikuwa zimelifunika.

Mwaka jana, siku ya mnada Karatu, nilikuwa nachagua vitunguu, mwanangu mgongoni, nikasikia mtu akisema, "Huyu si Martina?" Alikuwa Mama Bura, amekonda, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mkono wa mama?"

"Bado," nikasema. "Lakini anatembea."

"Anatembea," alirudia, akafurahi kama aliyeletewa zawadi. Hakumwulizia Baba. Nilikuwa nimebeba maneno kwa ajili yake tangu utoto, mengi, na pale kati ya vitunguu sikuona pa kuanzia. Basi nilifanya kile mama mwenye mtoto hufanya akikosa la kusema. Nilifungua mbeleko, nikamshusha mwanangu, nikamnyooshea ampokee.

Alirudi hatua nyuma. Mikono yake akaiingiza haraka chini ya kanga.

"Ananyonya bado?" aliuliza.

"Ananyonya."

"Basi hapana, mwanangu. Mfunge. Mikono hii unaijua."

Ile boriti ilimwangukia Mama, na daktari aliyejua kusoma mwili alilikuta jeraha. Kuna nyingine iliyomwangukia Mama Bura mteremkoni siku ile, nasi sote tulikuwepo, na hakuna daktari wa kumnyoa mtu mahali pale. Alijitetea mbele ya wazee kwa sauti thabiti, nikadhani hakuwaamini. Kumbe alikwenda na maneno yao hadi Oldeani.

Nilimfunga mwanangu mgongoni. Kisha niliingiza mkono wangu chini ya kanga yake, nikautafuta mkono wa kuume, nikaushika. Ulikuwa na sugu na ulikuwa na joto. Aliniachia. Lakini muda wote nilipoushika alikuwa akitazama njia itokayo Endabash, asije akapita mtu wa kwetu akatuona.